Jembe Hewani, Upanga Ukutani

Mcheza bugobogobo hulizungusha jembe, hulirusha juu likapinduka, kisha huudaka mpini bila kupoteza hatua. Ngoma hii ya Wasukuma ilizaliwa shambani, watu wakilima pamoja kwa mdundo mmoja, na mkoani Simiyu, kuanzia Bariadi hadi Maswa, msimu wa ngoma hupamba moto mavuno yakishapatikana.

Wapiga upanga wa Italia wa karne ya 16 nao walikuwa na mazoezi yao. Mwaka 1536 Achille Marozzo, mwalimu kutoka Bologna, alichapisha mjini Modena kitabu cha Opera Nova. Kina mchoro wa mistari ya mapigo, wa kuwekwa ukutani ili mwanafunzi auzoeze mkono, pamoja na mifululizo mirefu ya hatua na mapigo yenye madoido. Leo vikundi vya Ulaya na Marekani vimelifufua somo hilo, na asiye na mwenzake hubaki akikata hewa peke yake.

Mazoezi ya peke yako si kazi bure. Mwaka 2004 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Ujerumani kuhusu watu waliojifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi mitatu. Picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu zinazofuatilia vitu vinavyotembea zilikuwa zimenenepa. Walipoacha mazoezi, unene huo ukapungua.

Jembe lina mtihani wake zaidi ya mipira. Likiwa hewani huzunguka kwenye kitovu cha uzito wake, ambacho kiko karibu na bapa la chuma. Mpini, ndio unaotakiwa kudakwa, hufagia duara pana. Upanga wa Kiitalia una nafuu: donge la chuma nyuma ya kishikio huusogeza uzito karibu na kiganja.

Lakini mchoro wa ukutani una upungufu mmoja mkubwa: haumfundishi mtu wakati wa kupiga. Jicho likiona jambo la ghafla, mkono huchukua kama robo ya sekunde kuanza kuitikia, na pigo la karibu laweza kuwa limeshafika. Mpiganaji anayengoja kuona amechelewa. Hana budi kutabiri.

Hapo ndipo ngoma inapowazidi wakata hewa. Watu wakiombwa kugonga kidole sambamba na mlio unaojirudia, kwa kawaida hugonga kabla yake kidogo sana. Ubongo hauusubiri mlio, unaukadiria. Mcheza bugobogobo hufanya hesabu hiyo kwa mwili mzima: jembe lazima lirudi mkononi pigo la ngoma linapoangukia mguu. Ngoma humpa kile ambacho mpiga upanga angekipata kwa mtu aliyesimama mbele yake.

Hata hivyo, mdundo hutabirika na mpinzani hatabiriki. Wasukuma wana dawa ya hilo pia, katika mashindano ya Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanzishwa karne ya 19 na Ngika na Gumha. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, jirani kabisa, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Upande wa pili ukizua kioja na watazamaji wakaanza kuhama, manju, yaani kiongozi wa ngoma, hana nafasi ya kurudi mazoezini. Hutafuta jambo jipya papo hapo, jembe likiwa bado hewani.