Neno ni Nini? Chemshabongo ya Herufi Saba na Mofolojia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Suala la fasili ya neno ni kongwe katika isimu, na wanafunzi wengi hulichukulia kuwa ni la nadharia tupu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba suala hilo hujitokeza hata katika mchezo, na kwamba jibu linalotolewa lina athari kwa lugha za Kibantu. Mchezo unaohusika ni chemshabongo iitwayo Spelling Bee, ya gazeti la New York Times la Marekani. Ilianza kuchapishwa mwaka 2015 katika jarida la kila wiki la gazeti hilo, na tangu mwaka 2018 hutolewa kila siku kwa njia ya kompyuta na simu. Sehemu ya pili inaeleza kanuni zake. Ya tatu inazijaribu kwa herufi za Kiswahili. Ya nne inajadili matokeo.

2.0 Kanuni za Mchezo

Mchezaji hupewa herufi saba zilizopangwa mfano wa sega la nyuki, moja ikiwa katikati na sita zikiizunguka. Hutakiwa kuunda maneno mengi kadiri awezavyo. Kila neno liwe na herufi zisizopungua nne, na ni lazima liwe na herufi ya katikati. Herufi moja inaweza kurudiwa. Majina ya pekee hayakubaliwi. Neno la herufi nne hupata alama moja. Lililo refu zaidi hupata alama moja kwa kila herufi. Na lile linalotumia herufi zote saba huongezewa alama saba.

Jambo moja lastahili kuzingatiwa. Watungaji huiepuka herufi S. Sababu yake ni ya kimofolojia: S ni kiambishi cha wingi cha nomino na cha nafsi ya tatu umoja katika vitenzi, hivyo ingeongeza maneno mengi pasipo kuupima ujuzi wa mchezaji. Kwa hiyo mtungaji wa Kiingereza hukinga mchezo wake dhidi ya uambishaji kwa kuondoa herufi moja tu.

3.0 Jaribio la Kiswahili

Tuchukue herufi A, I, K, L, N, P, U, na P iwe ya katikati.

3.1 Silabi

Kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, mchezaji hafikirii herufi mojamoja bali silabi. Konsonanti nne (K, L, N, P) na irabu tatu (A, I, U) hutoa silabi kumi na mbili za umbo KI. Maumbo ya silabi mbili za aina hiyo yenye P mahali popote ni 63 tu: P ikianza silabi ya kwanza ni 36, na ikiwa katika ya pili peke yake ni 27. Mchezaji mvumilivu anaweza kuyaandika yote katika ukurasa mmoja na kuteua yaliyo maneno: paka, pana, papa, pika, pipa, pipi, lipa, kapu, kapi, na kadhalika. Maneno marefu zaidi huonekana kwa njia hiyohiyo: pilau, kikapu, upana, pilipili, pilikapilika.

Hata hivyo, katika yale 63 yamo pia kipi na lipi. Haya ni maumbo ya upatanisho wa kiulizi -pi, nayo yanadokeza tatizo kubwa linalofuata.

3.2 Viambishi

Tutazame kitenzi pika. Kwa herufi hizi, viambishi vya kiima vinavyopatikana ni vinane: ni-, u-, a-, i-, li-, ki-, pa-, ku-. Viambishi vya wakati na hali ni vinne: -na-, -li-, -ka-, -ki-. Nafasi ya mtendwa inaweza kuwa tupu au kujazwa na -ni-, -ku-, -u-, -i-, -li-, -ki- au -pa-, yaani hali nane. Kwa hiyo maumbo ni 8 × 4 × 8, yaani 256. Hata yakiondolewa manne ambamo ni- ya kiima ingekutana na -ni- ya mtendwa, yanabaki 252. Baadhi yake yana maana adimu, lakini mengi, kama alikipika, ninaupika na ikapika, hayana kasoro kisarufi. Na hicho ni kitenzi kimoja, bila pikia wala pikana. Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza, kama walk, kina maumbo manne.

Mtungaji hawezi kujikinga kwa kuondoa herufi. Akiiondoa A, ameviondoa karibu vitenzi vyote vya asili ya Kibantu, maana ndiyo kiishio chao cha kawaida. Akiiondoa N, bado zipo li, ka na ki.

Tatizo ni zito zaidi katika neno la herufi zote saba. Yapo angalau manne: nilipakua, ulipakana, kulipana na pakuliana. Msemaji wa Kiswahili huyatambua yote bila kusita. Lakini nilipakua na ulipakana hayawezi kuwa vidahizo vya kamusi yoyote. Je, si maneno?

4.0 Mjadala

Msingi wa mchezo huu ni dhana kwamba neno ni mfuatano wa herufi ulio kati ya nafasi mbili. Dhana hiyo ni ya othografia, si ya sarufi. Ushahidi umo ndani ya lugha za Kibantu zenyewe. Dhana ambayo Kiswahili huiandika ninawapenda, Kizulu huiandika ngiyabathanda, neno moja. Kitswana huiandika ke a ba rata, maneno manne. Muundo wa kitenzi katika lugha hizi unakaribiana sana. Kinachotofautiana ni uamuzi wa walioweka mfumo wa kuandika. Chemshabongo moja ingetoa matokeo tofauti kabisa katika Kizulu na Kitswana kwa sababu ya nafasi tu.

Orodha ya vidahizo nayo haitoshi. Pakana ina maana mbili: nchi hupakana, na watu hupakana mafuta. Maana ya kwanza imekwisha kuwa leksimu inayojitegemea. Ya pili ni kauli ya kutendana ya paka. Umbo ni moja, lakini hadhi yake katika kamusi ni mbili.

Makala haya yanapendekeza mpaka uwekwe kati ya unyambulishaji na uambishaji wa upatanisho na wakati. Mashina yaliyonyambuliwa, kama lipia, pikana na pakuliana, yakubaliwe, kwa kuwa huunda leksimu na hudai ujuzi wa mpangilio wa viambishi na maana zake. Maumbo yenye viambishi vya kiima, wakati na mtendwa yakataliwe, pamoja na ku- ya kitenzi-jina, ambayo ingekihesabu kila kitenzi mara mbili, kama S ifanyavyo katika Kiingereza. Hivyo katika mfano wetu pakuliana peke yake ndiyo ingepata alama saba za ziada. Mpaka huu haukosi utata, kwani si kila shina linaloweza kunyambuliwa hutumika kwa kweli. Hapo mtungaji hana budi kuamua kwa kufuata matumizi.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kanuni zinazofaa lugha yenye maumbo machache haziwezi kuhamishiwa Kiswahili zilivyo. Jambo hili halihusu burudani tu. Programu za kompyuta za kusahihisha tahajia zinazotegemea orodha ya maneno huyapigia mstari mwekundu maumbo sahihi kwa sababu hayamo katika orodha, na mwanafunzi anayeziamini huishia kukitilia shaka Kiswahili chake mwenyewe. Kabla ya kuhesabu maneno ya lugha, ni sharti ielezwe kwanza ni nini kinachohesabiwa.