Tarakimu Tatu Kabla ya Kupanda Basi

Mwaka ambao mvua imekatika mapema na uwele umekauka shambani, pita alfajiri katika stendi ya mabasi ya Dodoma. Huenda ukamwona msichana wa miaka kumi na minne hivi ameketi juu ya mfuko wake wa nguo, na kando yake mama asiyefanana naye hata kidogo. Ametoka Mpwapwa, Bahi au Manyoni. Mama huyo ameitwa "shangazi", naye anampeleka Dar es Salaam kufanya kazi za ndani.

Mipango yote ilikamilishwa kwa simu. Sauti ya upole ilipiga, nauli ikatumwa kwa simu, baba akaipokea kwa wakala wa kijijini. Simu ndiyo iliyomchukua mtoto. Je, simu hiyo hiyo yaweza kumrudisha?

Hatusemi kwamba kila aondokaye huharibikiwa. Wapo waajiri waungwana. Lakini wapo wasichana ambao kazi ya ndani hugeuka kuwa kazi ya baa, na kazi ya baa ikawa chumba cha nyuma. Wapo pia wanaotendewa uovu na baba mwenye nyumba, humo humo wanamofua na kupika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mwenye miaka 14 kufanya kazi nyepesi, lakini inakataza kabisa kumwingiza mtoto katika kazi yenye mambo ya ngono, alipwe au asilipwe.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kiasi cha nusu yao tu ndio waliomweleza mtu yeyote. Nusu nyingine walinyamaza, nasi tuliishi nao.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa nchi yetu inayo namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa ushirikiano na Serikali. Hailipiwi, na hupokewa usiku na mchana. Anayepokea ni mshauri aliyefunzwa kusikiliza. Akishaelewa, humfikisha mtoto kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri na kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Palipo na ubakaji, muda ni mali: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72.

Utauliza, msichana asiye na simu atapigaje? Swali ni la haki. Wengi hawana simu, au simu imefungiwa kabatini na tajiri. Lakini kwa kuwa 116 haihitaji vocha, jirani au mama lishe aweza kumwazima yake bila kupoteza senti. Namba ya baba ina tarakimu kumi, nayo huandikwa kwenye kikaratasi ambacho hupotea, au hupotezwa. Tarakimu tatu hukaa kichwani. Mfundishe akiwa bado nyumbani, kabla hajajua kwamba ataihitaji.

Mfundishe pia kwamba simu huweka kumbukumbu. Akiazima simu ya mwenye nyumba, afute namba aliyopiga. Lakini ujumbe wa vitisho, au wa mtu anayedai picha za aibu, usifutwe hata kama unachukiza: huo ni ushahidi.

Nawe mzazi uliyebaki Kongwa au Kondoa, kuna faraja moja ya kuiogopa. Mshahara unaingia katika simu yako kila mwisho wa mwezi, ukajisemea kuwa mtoto yu salama. Fedha hazina sauti. Omba kuzungumza naye mwenyewe, na usikilize kama kuna mtu anayemnong'oneza la kujibu. Ukiambiwa mara ya kwanza kwamba ametumwa dukani, subiri. Ukiambiwa hivyo mara ya tatu, piga 116 wewe mwenyewe. Hupokea hata simu za wazazi.