Bandama Likivimba: Altrasaundi ya Dawa Inaonyesha Nini?

Mama, huenda unapomwogesha mwanao unahisi kitu kigumu tumboni, upande wa kushoto chini ya mbavu. Mara nyingi hilo ni bandama, wengine huliita wengu. Kazi yake ni kuchuja damu na kusaidia mwili kupambana na maradhi.

Kwa nini huvimba?

Huku kwetu sababu za kawaida ni malaria ya mara kwa mara, kichocho na selimundu. Sababu nyingine, isiyo ya kawaida lakini nzito, ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili.

Tafadhali, usilikande bandama lililovimba wala usimchanje mtoto chale. Kulikanda kunaweza kulipasua, damu ikavujia tumboni. Chale hazitibu, zinapoteza siku. Na siku zina thamani: limfoma ya Burkitt, inayoshika taya na tumbo la watoto, hukua kwa kasi sana, lakini watoto wengi hupona wakiwahi dawa.

Kipimo chenyewe

Altrasaundi unaijua tangu kliniki ya wajawazito: jeli tumboni, kifaa kinapitishwa, picha inaonekana. Tatizo ni kwamba uvimbe mdogo ndani ya bandama unaweza kufanana na sehemu nzima, usionekane.

Katika altrasaundi ya dawa, mtoto huchomwa sindano ya mshipa yenye viputo vya gesi, vidogo kama chembe nyekundu za damu. Viputo hivyo huifanya damu ing'ae kwenye picha. Baadaye gesi hutoka kwa pumzi. Kipimo hakitumii mionzi, dawa haipiti kwenye figo, na unaweza kukaa karibu na mwanao. Mzio hutokea mara chache. Mweleze daktari kama mtoto ana mzio wowote au ugonjwa wa moyo.

Mwanzoni bandama zima huwa na mistari kama pundamilia. Usiogope, ni kawaida. Baada ya kama dakika moja hung'aa sawasawa. Sehemu yenye limfoma mara nyingi hupoteza mng'ao mapema, ikabaki doa jeusi.

Doa si jibu la mwisho

Kifua kikuu na maambukizi mengine nayo huleta madoa. Tena limfoma inaweza kusambaa ndani ya bandama bila doa lolote. Kwa hiyo jibu la uhakika hutoka maabara, baada ya kupima kipande kidogo cha nyama, mara nyingi kutoka kwenye tezi iliyovimba.

Kipimo hiki hakipo katika kila hospitali. Mtoto akipimwa kwa altrasaundi ya kawaida au CT skani, hajanyimwa haki yake. Muhimu ni asiishie njiani.

Usisubiri ukiona haya:

- tumbo linalokua haraka, au uvimbe wa taya
- tezi za shingoni, kwapani au kinenani zinazozidi kukua
- homa isiyoisha hata baada ya matibabu
- kukonda, au jasho jingi usiku
- kupauka, au kutokwa damu ovyo

Akipata maumivu makali ya ghafla tumboni au akizimia, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Ukifika, uliza: "Bandama limevimba kwa sababu gani, na kipimo kinachofuata ni kipi?" Usiondoke bila jibu na tarehe ya kurudi.