Kengele Iliyopewa Adhabu

Katika nchi ya Urusi, kando ya mto mkubwa uitwao Volga, uko mji mdogo jina lake Uglich. Mwaka 1591 aliishi humo Dmitri, mtoto wa miaka 8, mwana wa marehemu Mfalme Ivan wa Nne. Siku moja ya mwezi Mei alikutwa amekufa, ana jeraha la kisu shingoni. Kengele ya kanisa ikapigwa, watu wakakusanyika, na kwa ghadhabu wakawaua wale waliowadhania kuwa wauaji, pasipo hukumu. Wakubwa waliotumwa kutoka Moscow wakapeleleza, wakasema mtoto alijichoma mwenyewe aliposhikwa na kifafa. Ndipo watu wengi wa mji wakahamishwa Siberia, nchi ya baridi kali. Na kengele nayo ikang'olewa ulimi, ikapelekwa Tobolsk. Ilikaa ugenini karibu miaka 300, ikarudishwa mwaka 1892. Sasa imewekwa katika kanisa lililojengwa kwa ukumbusho wa Dmitri.

Hata leo wataalamu hawapatani juu ya kifo kile. Lakini, wasomaji, kengele ilifanya kazi yake ya kuita tu. Waliokosa ni wale waliohukumu kabla ya kuuliza. Hasira, hasara.