Ukanushi kama Kigezo cha Kutofautisha Kivumishi na Kitenzi: Mtazamo kutoka Delta ya Rufiji na Kibiti

Makala haya yanaeleza jinsi dhana moja inavyoweza kubebwa na kivumishi au kitenzi, na jinsi ukanushi unavyodhihirisha tofauti hiyo. Suala hili linamhusu mtafiti anayekusanya data Kibiti na katika Delta ya Rufiji, ambako Kiswahili kinatumika sambamba na Kindengereko, lugha ya Kibantu iliyowekwa na Guthrie katika kundi la P10.

Tuchukue sentensi mbili za Kiswahili: embe hili halijaiva na embe hili si bivu. Katika sentensi ya kwanza, dhana imebebwa na kitenzi -iva, na ukanushi umo ndani ya kitenzi hicho kupitia ha- na -ja-. Msikilizaji huelewa kwamba kuiva kunatarajiwa. Katika sentensi ya pili, kivumishi -bivu hakikanushwi chenyewe. Ukanushi unabebwa na kishirikishi si, na sentensi inaeleza hali tu. Aidha, dhana nyingine, kama vile kushiba, kwa kawaida huelezwa kwa kitenzi: ameshiba, hajashiba.

Mgawanyo huu si wa lugha zote. Katika Kijapani, kivumishi samui, yaani -a baridi, hukanushwa chenyewe na kuwa samukunai, mithili ya kitenzi. Katika Kifini, kikanushi chenyewe ni kitenzi kinachobadilika kulingana na nafsi: en, et, ei.

Kindengereko nacho kina utaratibu wake. Katika sentensi za taarifa, ukanushi huoneshwa kwa neno kwaa linalofuata kitenzi, si kwa kiambishi kinachotangulia kama ha- ya Kiswahili. Kwa hiyo, dodoso lililojengwa juu ya jedwali la viambishi vya Kiswahili litamfanya mtafiti atafute ukanushi mahali usipokuwepo. Zaidi ya hayo, mzungumzaji wa lugha mbili anapoombwa kutafsiri halijaiva, anaweza kufuata muundo wa sentensi aliyopewa badala ya ule ambao angeutumia shambani.

Hivyo basi, inapendekezwa kwamba data ya ukanushi ikusanywe kwanza kutoka katika mazungumzo ya kawaida, na tafsiri itumike kuihakiki tu. Bila hivyo, maelezo ya sarufi ya Kindengereko yatakuwa kivuli cha sarufi ya Kiswahili.