Jina la Kupewa na Jirani

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa Marekani kwa shughuli za kitaaluma, nilijiunga na watalii waliozuru Mesa Verde, mbuga ya kitaifa iliyo katika jimbo la Colorado. Mwongozaji wetu alituteremsha kwa vidato vya mawe na kutukweza kwa ngazi za mbao, hadi tukasimama chini ya mwamba mkubwa, mbele ya Cliff Palace. Hayo ni makao yaliyojengwa pangoni katika karne ya 12 na ya 13: vyumba vipatavyo 150 vya mawe, minara, na zaidi ya vyumba 20 vya mviringo vya ibada, vilivyochimbwa ardhini, viitwavyo kiva.

"Watu hawa walitowekea wapi?" mtalii mmoja aliuliza.

"Hawakutoweka," mwongozaji akamjibu. Ukame mkali wa miaka ya 1276 hadi 1299 ulichangia kuwafanya wahamie kusini. Vizazi vyao, wakiwemo Wahopi na Wazuni, wangali wanaishi Arizona na New Mexico, na kiva wanazo hadi leo.

Kilichonigusa zaidi mimi mwanaisimu ni jina. Kwa miaka mingi vitabu viliwaita wajenzi hao Anasazi. Neno hilo ni la jirani zao Wanavajo, na aghalabu hufasiriwa kuwa 'mababu wa maadui'. Wahopi, ambao ni damu yao, huwaita Hisatsinom, yaani 'watu wa kale'. Mtoto wa Kihopi alifungua kitabu cha historia akamkuta babu yake ameandikwa adui!

Tusiwacheke Wamarekani. Hapa kwetu, Waokiek wa msitu wa Mau wameitwa Wadorobo tangu enzi za ukoloni. Asili ya neno hilo ni Kimaasai, na maana yake ni maskini, mtu asiye na ng'ombe. Watu waliojitosheleza kwa asali na uwindaji walipimwa kwa mizani ya mfugaji, wakaonekana hawana kitu. Wakoloni waliliandika jina hilo katika kumbukumbu zao, nasi tungali twalitamka bila kusita.

Mwalimu mwenzangu, kabla ya kuwakaririsha wanafunzi majina ya makabila, waulize swali moja: jina hili lilitolewa na nani? Yumkini darasani mwako ameketi mtoto anayesubiri kwa hamu swali hilo liulizwe.