Kupima Kabla ya Kununua: Utangulizi wa Elimu ya Kuputi

Kuputi ni ile sehemu ya gofu inayochezwa kwenye grini, uwanda wa majani mafupi unaolizunguka shimo, ambako mpira haurushwi tena hewani bali huviringishwa chini. Fimbo inayotumika hapo haifanani na nyingine mfukoni. Ni fupi, uso wake umesimama karibu wima, na kazi yake ni kuupeleka mpira taratibu hadi ndani. Sheria za gofu humruhusu mchezaji kubeba fimbo 14, na wanaopanga viwanja humhesabia mikwaju miwili ya kuputi kwa kila shimo. Kwenye kiwanja cha mashimo 18 na mikwaju 72, hiyo ni mikwaju 36. Nusu ya hesabu yote imekabidhiwa fimbo moja.

Kurasa hizi zimeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Ifakara na Bonde la Kilombero: mwalimu, muuguzi, mtafiti, fundi, au kijana aliyeionja gofu safarini na sasa anataka fimbo yake mwenyewe. Akishika barabara ya Kidatu na Mikumi hadi Morogoro mjini, safari ya zaidi ya kilomita 200, atakuta kiwanja cha Gymkhana. Akiendelea mbele zaidi zipo Lugalo na Gymkhana ya Dar es Salaam, na kaskazini zipo Arusha, Moshi na TPC. Mchezaji anayekaa mbali hivyo na kiwanja hawezi kununua fimbo kwa kubahatisha halafu airudishe kesho. Ndiyo maana nitasimamia hoja moja tangu mwanzo hadi mwisho: fimbo ya kuputi huchaguliwa kwa kupima kosa la mikono itakayoishika. Chapa, bei na jina la bingwa aliyeitumia huja baadaye sana.

Tuanze na shimo lenyewe. Upana wake ni milimita 108 duniani kote. Kipimo hicho kilitokana na chombo cha kuchimbia mashimo kilichotumika Musselburgh, Uskoti, tangu 1829, na mwaka 1891 klabu ya R&A ya St Andrews ikakifanya kuwa sheria. Mpira una kipenyo kisichopungua milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93. Kutoka katikati ya shimo hadi ukingoni ni sentimita 5.4. Sasa chukua umbali wa mita 3: mpira ukiondoka umepinda kwa nyuzi moja tu, utafika shimoni ukiwa umehama sentimita 5.2. Kwa hiyo nyuzi moja ndiyo akiba yote aliyonayo mchezaji katika umbali huo, na hapo tumedhani kwamba mwendo ni sahihi na ardhi ni tambarare.

Upindaji huo unatoka wapi? Wataalamu waliopima mapigo kwa kamera na mitambo wanakubaliana kwamba mpira huondoka kwa kufuata zaidi upande ambao uso wa fimbo unatazama wakati wa kugusana, na kwa kiasi kidogo tu njia ambayo fimbo ilipita. Wengi wa wanaoanza huhangaikia njia ya mikono huku uso wa fimbo ukitazama pembeni. Swali la kwanza la elimu hii, basi, ni kama unajua uso wa fimbo yako unatazama wapi.

Swali la pili linahusu mpira kugongwa nje ya katikati ya uso. Mpira ukigongwa karibu na ncha au karibu na kisigino cha kichwa, kichwa huzunguka kidogo mkononi, uso hupinda na nguvu hupotea. Aliyelishughulikia jambo hili kwa akili ya uhandisi ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya General Electric nchini Marekani. Mwaka 1959 alitengeneza fimbo yake ya kwanza ya Ping, na mwaka 1966 akatoa ile iitwayo Anser. Wazo lake lilikuwa kuusambaza uzito wa kichwa kuelekea ncha na kisigino badala ya kuurundika katikati, ili kichwa kikatae kuzunguka. Fimbo nyingi zinazouzwa leo, ziwe nyembamba kama ubapa au pana kama nyundo, zinaendeleza wazo hilo. Vichwa vipana hukataa kuzunguka zaidi, na mistari mirefu iliyochorwa juu yake humsaidia mchezaji kulenga. Kwa mtu ambaye kipimo kimeonyesha kwamba hugonga ovyo kwenye uso, kichwa kipana ni msaada wa kweli. Kwa yule anayegonga katikati kila mara, faida hiyo ni ndogo, na fimbo nyembamba itamtosha.

Swali la tatu ni mwendo. Mpira unapoguswa hauanzi kuviringika papo hapo; kwanza huteleza, kisha msuguano wa majani huushika na kuuzungusha. Fizikia inatuambia kwamba mpira ulioanza kwa kuteleza bila mzunguko wowote hubaki na sehemu tano kwa saba za mwendo wake wa mwanzo unapoanza kuviringika sawasawa. Uso wa fimbo nyingi umeinamishwa kwa nyuzi 2 hadi 4, kiasi cha kuutoa mpira kwenye kikalio chake majanini bila kuurusha. Mchezaji anayeegemeza mikono mbele ya mpira huufuta mwinamo huo na kuukandamiza mpira ardhini. Anayeiacha mikono nyuma huuongeza mwinamo na kuudundisha. Uzito wa kichwa nao una neno lake katika mwendo. Vichwa vya siku hizi vina gramu 340 hadi 370, kwa kuwa grini zimekuwa nyororo zaidi na watengenezaji wameona uzito husaidia kutuliza mkono.

Baada ya hapo huja vipimo vya mwili. Simama kama unavyoputi, mikono ikining'inia bila kukakamaa, macho yakiwa juu ya mpira au ndani kidogo ya mstari wake. Umbali kutoka viganja hadi ardhini ndio urefu unaokufaa. Madukani urefu wa kawaida ni sentimita 84 hadi 89, na watu wengi hununua fimbo ndefu kuliko haja yao. Kichwa kikae chini chote. Ncha ikiinuka au kisigino kikiinuka, uso hubadili mwelekeo. Kisha ilaze fimbo kwenye kidole, mpini ukiwa sambamba na ardhi. Ikiwa uso unatazama juu, fimbo hiyo imesawazishwa na kwa kawaida huwafaa wanaoputi kwa mstari ulionyooka. Ikiwa ncha inaning'inia chini, kwa kawaida huwafaa wanaoputi kwa tao. Neno "kwa kawaida" nimelirudia makusudi, maana hapa pana ubishi, na ubishi huamuliwa kwa kipimo.

Katika kupima, Ifakara ina urithi ambao viwanja vingi vikubwa havina. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha hapa maabara ndogo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Katika kijiji cha Idete ndipo ilipojaribiwa chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994, kutoka kwa watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano, yalionyesha kinga ya asilimia 31, ila watafiti wenyewe walieleza kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya sifuri na asilimia 52. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuthibitisha kinga hiyo. Uhai wa mtoto na mchezo wa mpira havipo kwenye mizani moja. Kanuni ya ushahidi, hata hivyo, haibadiliki: linganisha pande mbili kwa haki, hesabu vya kutosha, taja ukubwa wa shaka yako, na rudia kabla ya kuamini.

Iweke kanuni hiyo kwenye fimbo. Tuseme katika umbali wa mita 2 unaingiza nusu ya mipira. Ukijaribu fimbo mpya mara 20 ukaingiza 12, na ya zamani mara 20 ukaingiza 9, muuzaji atakupongeza. Hesabu ya uwezekano inasema hujajifunza chochote, kwa sababu tofauti kama hiyo hutokea kirahisi hata kwa fimbo ileile ikijilinganisha na nafsi yake. Ukipiga mara 100 kwa kila fimbo, tofauti ya mipira 15 ndiyo inayoanza kustahili kusikilizwa. Badilisha fimbo kila baada ya mipira 10, ili uchovu na mazoea visiipendelee mojawapo. Amua kwa kurusha sarafu ni ipi ianze. Funika chapa kwa utepe, na mwandishi wa matokeo awe mtu mwingine.

Vifaa vya kazi hii vinapatikana mjini Ifakara. Zulia fupi juu ya sakafu iliyonyooka na duara la milimita 108 vinatosha kwa kuanzia. Sarafu mbili zilizotenganishwa kwa nafasi ndogo kidogo kuliko upana wa mpira mmoja na nusu, zikiwekwa nusu mita mbele, zitakuonyesha kama mpira unaondoka kwenye mstari. Unga wa chaki usoni mwa fimbo utakuonyesha unapogonga. Fundi seremala anaweza kukuchongea kwa mtiki wa bonde hili ubao wenye mfereji wa kuteremshia mpira kwa mwinamo wa nyuzi 20, kwa kufuata kifaa alichobuni Edward Stimpson mwaka 1935 cha kupima wepesi wa grini. Ubao huo utakufaa utakapofika Morogoro, maana grini za ukoka wa nchi za joto hubadilika kwa mvua, kwa ukataji na kwa saa ya siku, na fimbo iliyong'ara kwenye zulia inaweza kukusumbua kwenye majani mazito.

Lipo swali moja zaidi, na uaminifu unatudai tulijibu: je, kuputi ndiko kunakokupotezea mchezo? Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua mikwaju mingi ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani na kueleza matokeo katika kitabu chake cha mwaka 2014. Alikuta kwamba kuputi kunachangia takriban asilimia 15 tu ya tofauti kati ya walio bora na wenzao. Sehemu kubwa hutokana na mikwaju mirefu. Hata mabingwa hao huingiza nusu tu ya mipira iliyo mita 2.4 kutoka shimoni. Anayekosa kwenye umbali huo hana sababu ya kuilaumu fimbo yake wala kujilaumu. Anayekosa mara nyingi kwenye mita moja, au anayehitaji mikwaju mitatu kwenye grini kila mara, huyo ana jambo la kupima.

Ombi langu kwako ni hili. Kabla hujatoa shilingi moja, andika kwenye daftari makosa yako kwa majuma machache: kushoto au kulia, fupi au ndefu, katikati ya uso au pembeni. Kama kosa lako ni la kulenga, tafuta mstari na umbo la kichwa linalokuonyesha ukweli. Kama ni la kugonga pembeni, tafuta kichwa kipana. Kama ni la mwendo, anza na urefu, uzito na mpini, na ongeza mazoezi ya umbali, kwa kuwa hapo fimbo husaidia kidogo kuliko mkono. Na daftari likionyesha kwamba fimbo uliyo nayo haina kosa, ibakize, na nauli ya Morogoro uitumie kucheza.